Karanga Zilizorudishwa Mpakani

Kumenya karanga ni kazi inayodanganya macho. Ukiitazama kwa mbali, unaona watu wameketi kivulini, wanaongea, wanacheka, mikono inacheza tu. Hebu jaribu wewe debe moja. Kabla hujafika nusu, kidole gumba kitakueleza ukweli wote.

Mama Mapacha alikuwa na magunia manane ya kumenya. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na moja. Alikuwa na mabinti wawili pacha wa miaka mitatu, na ndiyo maana watu wakamwita hivyo. Mume wake alikuwa fundi baiskeli mwenye kibanda kando ya barabara. Katika nyumba hiyo aliishi pia mama mkwe wake, mwanamke ambaye hakuwahi kushindwa na kazi wala na maneno.

Kila asubuhi fundi alikwenda kibandani. Wanawake wawili walikaa uani na beseni katikati yao. Mapacha walifukuzana na kuku mpaka kuku wakakata tamaa.

Siku ya tatu vidole vya Mama Mapacha vilikuwa vimechubuka. Aliponawa mikono, maji yalimchoma. Mama mkwe alimtazama, akamhurumia, kisha akacheka.

"Mwanangu, unapigana na ganda kavu? Ganda halipigwi. Ganda linabembelezwa."

Akaenda kwenye mtungi, akachota kata ya maji, akanyunyizia karanga. Akachota nyingine. Halafu akafunika gunia vizuri, akasema waliache hadi kesho. Kesho yake maganda yalikuwa laini. Ulibonyeza kidogo tu, punje zikatoka. Kazi ya siku mbili ikaisha kwa siku moja. Hivyo ndivyo mama mkwe alivyofundishwa na mama yake, na mtaa mzima ulifanya hivyo hivyo.

Tusimcheke Mama Mapacha. Hakuwa mvivu. Alikuwa mtu mwenye vidole vinavyouma, akapewa dawa na mkubwa wake, akaitumia.

Punje zilipotoka alizianika juani mchana mmoja. Kwa juu zilionekana kavu. Magunia manane yenye maganda yalitoa magunia matatu ya punje. Aliyashona midomo kwa uzi wa kijani, kwa sababu kila mkulima wa kikundi chao alikuwa na rangi yake ya uzi. Mwaka mzima wa nyumba ile, jembe lote na jasho lote, ulikuwa ndani ya magunia yale matatu.

Biashara ya karanga ilikuwa imebadilika. Zamani mnunuzi alikuja mwenyewe mpaka uani. Alichota kiganja kimoja, akatafuna mbili tatu, akataja bei ya kuudhi, mkabishana, mkauziana. Sasa barabara ya lami ilikuwa imefika. Ng'ambo ya mpaka, katika nchi jirani, palikuwa na kiwanda cha siagi ya karanga, na kiwanda kilitaka mzigo wa lori zima. Mkulima mmoja hawezi kujaza lori. Basi wakulima ishirini na wawili wakaungana, wakakodi ghala, wakamchagua mwenyekiti. Alikuwa askari mstaafu. Alitembea kati ya magunia kana kwamba anakagua gwaride.

Lori liliondoka na magunia themanini na saba. Watu walisimama barabarani kulitazama mpaka likapotea. Siku nne zilipita bila habari.

Siku ya tano fundi baiskeli alikuja nyumbani mapema, mikono bado ina grisi.

"Lori letu limepita sasa hivi," alimwambia mkewe.

"Limeshashusha?"

"Hapana. Limejaa vile vile."

Jioni ile mtaa wote ulijua. Mpakani walikuwa wamechukua karanga kidogo kutoka kwenye mzigo, wakazipima kwa kifaa, wakakuta sumu iliyozidi kiwango. Nchi jirani ilikuwa imeanza kupima kila mzigo wa karanga na mahindi unaoingia. Redio ilisema foleni ya malori ilikuwa ndefu, na mengi yalikuwa yanageuzwa. Waliorudishwa walikimbilia kumwaga mizigo yao kwenye masoko ya mjini, kwa hiyo bei huko nayo ikaporomoka. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na mwingine ulikuwa umejaa watu.

Jumapili mwenyekiti aliwakusanya wanakikundi mbele ya ghala. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Kuna mtu amelowesha karanga ili zipate uzito kwenye mizani," alisema. "Huyo ni mwizi. Ametuibia sisi wote. Afisa kilimo anakuja kupima kila gunia peke yake. Jumamosi majibu yatasomwa hapa, na mwenye gunia atatajwa. Atatoka kwenye kikundi. Na huko mtaani atafute mwenyewe pa kuweka uso wake."

Mama Mapacha alivificha vidole gumba ndani ya kanga. Samaki mmoja akioza, wote wameoza, na sasa alijua ni samaki yupi. Alirudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Chakula alikiacha sahanini. Alipofagia alifikiria nyumba zitakazoacha kumsalimu. Alipochota maji alimsikia mtu anacheka nyuma yake, akadhani anachekwa yeye. Mume wake alimuuliza kama anaumwa. Akajibu kwamba ni tumbo tu. Fundi hakujua lolote kuhusu kata ya maji. Yeye alizijua karanga zikiwa tayari kwenye sahani.

Mama mkwe yeye alijua, na alikuwa na ushauri wake.

"Nyamaza. Umelowesha peke yako? Kila nyumba ina mtungi. Wakisoma majina, watasoma mtaa mzima."

Lakini Mama Mapacha hakuweza kutulia. Je, kama wengine walianika vizuri zaidi? Je, kama litasomwa jina moja tu? Wasiwasi haumpi mtu usingizi, na mtu asiye na usingizi hufikiri mambo ya ajabu.

Jumatano mchana alichomeka sindano kwenye ukosi wa blauzi, akaweka uzi mweupe mfukoni, akachukua ufagio. Alimwambia mlinzi wa ghala kwamba ni zamu yake ya kufagia. Mlinzi akampisha. Ndani mlikuwa na giza kidogo na harufu ya vumbi. Akayapata magunia yake matatu. Mpango wake ulikuwa kufumua uzi wa kijani na kushona uzi mweupe, usio wa mtu yeyote. Angepoteza karanga zake, ndiyo. Lakini jina lake lingepona.

Alikuwa amefumua nusu ya gunia la kwanza aliposikia mtu mlangoni. Alikuwa afisa kilimo, mwanamke mwenye kofia ya pikipiki kwapani na mkoba wa kazi begani.

"Habari za kazi, mama. Unashona?"

"Uzi ulikuwa umelegea," alisema Mama Mapacha.

Njia ya mwongo ni fupi. Yake ilikuwa na urefu wa sindano, na sindano ilikuwa bado mkononi. Afisa kilimo aliuona uzi wa kijani chini na uzi mweupe kwenye paja. Aliketi juu ya gunia la jirani, akafungua mkoba.

"Nimekuja kuchukua karanga za kupima. Kwa kuwa hili umeshalifungua, tuanze nalo. Ingiza mkono mpaka chini. Unasikia nini?"

Mama Mapacha alizamisha mkono hadi kwenye kiwiko.

"Kuna joto," alisema.

"Karanga iliyokauka haina joto, mama. Ukisikia joto, ujue mna unyevu, na kwenye unyevu kuna kitu kinaota." Afisa alichota kiganja kutoka chini, akakipeleka kwenye mwanga wa mlango. Baadhi ya punje zilikuwa na vumbi la kijani na manjano. "Huu ni ukungu. Kuna aina ya ukungu inayotengeneza sumu. Tunaiita sumukuvu. Ukungu wenyewe unaweza kuuona. Sumu yake huioni. Haina harufu. Ukichemsha haitoki. Ukikaanga haiishi. Na punje inaweza kuonekana safi kabisa na sumu imo."

"Inamfanya nini mtu?"

"Nyingi kwa mara moja inaweza kuua. Kidogo kidogo kwa miaka mingi inakula ini, inaleta hata saratani ya ini. Mtoto anayeila anaweza kudumaa. Ndiyo maana wenzetu wanapima. Hawatuonei. Wanalinda watu wao, na sisi tulipaswa kuwalinda wetu kabla yao."

Mama Mapacha aliinamisha kichwa. Afisa akauliza kwa sauti ya chini kama karanga zile ziliwekwa maji.

"Sikuulizi kwa niaba ya mwenyekiti," aliongeza. "Nimepita nyumba nyingi. Karibu zote zinalowesha."

"Vidole," alisema Mama Mapacha. Akavionyesha.

Afisa alivitazama vidole gumba vile viwili, vyenye ngozi mpya ya waridi. "Mwenyekiti anafikiri ni uzito wa mizani," alisema. "Mimi najua ni vidole. Mama yangu naye alilowesha. Hakuna aliyemwambia kwamba maji yale ndiyo yanayoualika ukungu."

Mama Mapacha alipumua kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Alipoona hachekwi, akataka na yeye asifiwe kidogo. Akaeleza kwamba yeye si mchafu. Kabla ya kushona gunia huchambua. Yenye madoa huitoa. Iliyokunjamana huitoa. Yenye ukungu huitoa.

"Vizuri sana," alisema afisa. "Kuchambua kunaondoa sehemu kubwa ya sumu. Halafu zile mbovu unazipeleka wapi?"

"Situpi hata moja. Nzuri ni za soko. Hizo nyingine nazisaga, natia kwenye uji wa watoto."

Afisa kilimo aliweka kalamu chini.

"Kila siku?"

"Asubuhi na jioni. Tangu walipoanza kula."

Nje mlinzi alikuwa anapiga mluzi. Afisa alisimama, akachukua sindano mkononi mwa Mama Mapacha taratibu.

"Nenda nyumbani, mama. Gunia hili nitalishona mimi. Kwa uzi wake wa kijani."

Mama Mapacha alisahau ufagio. Alikimbia kwa njia kubwa, mbele ya watu wote, bila kujali nani anamtazama. Jina lake, ambalo tangu Jumapili lilikuwa limemnyima chakula, halikumjia kichwani hata kidogo. Alikuwa na hofu nyingine sasa, na hofu ile ya kwanza ilikuwa mzaha mbele yake.

Uani mama mkwe alikuwa anakoroga uji. Mapacha walikuwa wameketi na vikombe vyao. Mmoja alikuwa ameshainua chake. Mama Mapacha alikipokonya, akakimwaga. Akaibeba sufuria kwa kitambaa, akaimwaga mwisho wa ua, akafukia kwa jembe. Kuku walipokuja mbio akawafukuza kwa mawe. Watoto walilia wote wawili kwa pamoja, kama ilivyo desturi ya mapacha.

"Umerogwa?" aliuliza mama mkwe. "Unamwaga chakula mbele ya watoto?"

Akamweleza yote. Mama mkwe hakukubali. Alisema amelea watoto sita kwa uji ule ule, na mmoja wao ndiye huyo fundi aliyemuoa. Alisema wasomi kila mwaka wana sumu yao mpya. Kisha mwiko ukasimama ghafla hewani.

"Umesema inakula nini?"

"Ini, mama."

Mzee wa nyumba ile, mume wa mama mkwe, alikuwa amefariki kwa ugonjwa wa ini. Tumbo lilivimba, macho yakawa manjano. Watu walisema mengi kuhusu jirani mmoja, na jirani yule akahama. Mama mkwe aliketi chini. Mama Mapacha aliketi karibu naye, akamwambia kwamba magonjwa ya ini yana sababu nyingi, na sasa hakuna awezaye kujua. Ilikuwa kweli. Lakini mama mkwe alilia hata hivyo, na Mama Mapacha akalia naye. Fundi aliporudi aliwakuta hivyo, na safari hii hakuna aliyemwambia kwamba ni tumbo.

Alhamisi waliwapeleka watoto kliniki. Muuguzi aliwapima uzito na urefu. Alisema hawana dalili ya ugonjwa, lakini wote wawili ni wafupi na wepesi kwa umri wao, hasa yule mdogo. Kama ni sumukuvu au ni jambo jingine, hakuweza kusema. Mama Mapacha akauliza dawa.

"Dawa ni kuacha kuwapa," alisema muuguzi. "Wapeni nafaka safi, maharage, mayai, mboga na matunda. Na mniletee watoto kila mwezi."

Kila mwezi. Mama Mapacha aliishika kadi ya kliniki njia nzima. Hakuna anayejua kusubiri kama mama aliyeambiwa arudi mwezi ujao.

Jumamosi ikafika. Ghala lilijaa. Afisa kilimo alisema kwamba kati ya magunia themanini na saba, thelathini na moja yalikuwa na sumu iliyozidi kiwango. Yaliyobaki yalikuwa salama na yangeweza kurudi mpakani. Alipotaka kusoma rangi za nyuzi, mtu mmoja aliinua mkono. Alikuwa mfanyabiashara kutoka mjini. Gari lake lilikuwa nje.

"Msiumize vichwa," alisema. "Hayo thelathini na moja nayachukua mimi, leo hii. Mjini hakuna anayepima. Yatasagwa, yatauzwa, yataliwa. Ninyi mnapata chenu, na hakuna haja ya kumtaja mtu."

Watu walinong'ona. Wengi walishusha pumzi. Mwenyekiti alishika kidevu, akatazama dari.

Hapo ndipo mlango wa kutokea ulipofunguka mbele ya Mama Mapacha. Angenyamaza tu, jina lake lingepona na karanga zake zingenunuliwa. Mama mkwe, aliyekuwa ameketi kando yake, alimgusa goti. Mama Mapacha hakuelewa kama anamzuia au anamsukuma. Alisimama.

"Matatu kati ya hayo ni yangu," alisema. "Niliyalowesha. Sikutafuta uzito, nilitafuta nafuu ya vidole. Mwenyekiti, ukiniita mwizi, niite. Lakini mabovu yake nimewalisha wanangu kwa mkono wangu mwenyewe, kwa sababu sikujua. Leo sisi sote tuliomo humu tunajua. Tukimuuzia huyu, kuna mama huko mjini atampa mwanawe, naye hajui. Sasa hapo mwizi ni nani?"

Mwanamke mmoja nyuma alisimama, akasema hata yeye alilowesha. Akasimama mwingine. Wengine walikagua vidole vya miguu yao. Siwezi kusema mtaa mzima ulisimama, kwa sababu haukusimama.

Afisa kilimo akasoma nyuzi. Kijani, matatu. Njano, mawili. Alipofika uzi mwekundu akasita kidogo. Nyekundu, manne. Watu wote waligeuka kumtazama mwenyekiti.

"Mimi sikuweka hata tone," alisema mwenyekiti. Na alikuwa anasema kweli.

Afisa alimuuliza aliyahifadhi wapi kabla ya kuyaleta. Alijibu kwamba aliyapanga chumbani, sakafuni, yakiegemea ukuta kama kawaida. Afisa akaeleza kwamba sakafu na ukuta vina unyevu wake. Gunia linaunyonya kidogo kidogo, na mwenye gunia haoni. Maji hayaingii kwa kata peke yake. Mwenyekiti alivaa kofia yake, akatoka nje. Hakuna aliyemfuata.

Mfanyabiashara wa mjini aliondoka na gari tupu, akisema hajawahi kuona wapumbavu wengi namna hiyo mahali pamoja. Magunia thelathini na moja yalimwagwa kwenye shimo refu mbali na kisima, yakachomwa, yakafukiwa. Mama Mapacha alisimama pale hadi mwisho. Ni vigumu kuangalia jasho lako likifukiwa na udongo. Msimu ule nyumba yao iliishi kwa spana za fundi peke yake, na kuna majirani wawili ambao hawakumsalimu kwa miezi.

Neno la kumfukuza mtu kikundini halikutajwa tena. Wiki ya pili baada ya mkutano, mlinzi alimkuta mwenyekiti ghalani peke yake, na msumeno, misumari na mbao. Alikuwa anatengeneza chaga za kuinua magunia kutoka sakafuni. Alizipanga mbali na kuta, mtu aweze kupita katikati. Hakutoa hotuba. Siku hiyo wengi walianza kumpenda.

Msimu uliofuata afisa kilimo alikuja mara nyingi. Waling'oa karanga zilipokomaa, hawakuziacha ardhini zikapitiliza. Walizigeuza maganda juu yapate jua. Hawakuanika tena kwenye udongo, walianika juu ya turubai, na wingu likionekana tu walikunja. Mama Mapacha alijifunza kulitikisa ganda karibu na sikio. Punje ikigonga ndani, imekauka. Ikikaa kimya, irudishwe juani.

Kikundi kilinunua mashine ya kubangulia karanga, ya kuzungusha kwa mkono. Mama mkwe aliitazama kwa dharau.

"Chuma hakijui kubembeleza," alisema.

Akaijaribu ili aonyeshe kwamba haifai. Maganda yakavunjika yakiwa makavu, punje zikamwagika kwenye beseni, na vidole havikuguswa. Kuanzia siku hiyo, mtu aliyetaka kuzungusha mpini ilibidi ambembeleze yeye.

Punje mbovu ziliwekwa kwenye kopo lenye alama nyekundu. Hazikwenda kwenye sufuria wala kwa kuku. Zilikwenda kwenye moto. Kabla ya kupakia, afisa alipima kila gunia pale pale ghalani. Mawili tu yalikataliwa. Lori likaondoka.

Hata hivyo Mama Mapacha hakulala vizuri. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Siku ya kwanza hakuna habari. Siku ya pili hakuna. Siku ya tatu aliamua kupeleka chakula cha mume wake kibandani mwenyewe, na alikaa huko mchana kutwa akiitazama barabara. Kila lori lililotokea upande wa mpakani lilimsimamisha. Fundi alimwambia kwamba lori halirudi kwa kuangaliwa, wala halizuiwi.

Siku ya nne alimwona mwenyekiti anakuja kwa miguu, ameshika simu. Alitembea polepole kiasi cha kuudhi. Alipofika alisimama wima.

"Dereva amepiga," alisema. "Limevuka."

"Wamelipima?"

"Wamelipima. Limevuka lote."

Mama Mapacha alitaka kusema asante. Badala yake aliketi kwenye kigoda cha fundi, kati ya matairi, akalia bila kuficha uso.

Mabinti zake waliendelea kupelekwa kliniki kila mwezi. Mstari kwenye kadi ya mkubwa ulianza kupanda mapema. Wa mdogo ulikawia, ukawatia hofu, kisha nao ukaanza. Muuguzi alisema wasiache.

Baada ya mavuno, kiwanda kile kilimtuma mnunuzi wake kuwatembelea wakulima. Alikuwa mtu mwenye adabu na viatu vizuri. Alipofika uani kwa Mama Mapacha, alimkuta mama mkwe ameketi kando ya beseni kubwa la karanga. Punje zilikuwa nono, ngozi laini, zote za saizi moja. Mnunuzi aliinama, akachota kidogo, akazigeuza kiganjani.

"Mama, hizi nazitaka," alisema. "Nitaongeza bei."

"Hizo hazina bei, baba. Zina wenyewe."

"Lakini katika mzigo wote wa hapa, hizi ndizo nzuri kuliko zote."

"Ndiyo maana," alisema mama mkwe. Akazichukua taratibu kutoka kiganjani mwake, akazirudisha kwenye beseni, akawaita wajukuu zake waje kula.